Salamu ya Mikono Mitupu

Siku ile Tabu alipoachia nguo ya mama yake na kwenda kusalimia watu, Zabibu alifurahi mno hata hakujiuliza kitu. Na angejiulizaje? Mtoto wa miaka mitatu na ushei, ambaye tangu aanze kutembea hakuna jirani aliyewahi kumwona uso mzima, alitoka nyuma ya kaniki ya mama yake, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wakisubiri mahindi ya kutwanga nje ya boma la Songea, akapiga magoti mbele ya mke wa askari aliyekuwa akipima nafaka, akapiga makofi mepesi kama watoto wa pale wanavyofundishwa, akasema, "Umeamkaje, mama? Wa nyumbani wazima?"

Wanawake wakaangua kicheko, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika pale kwa muda mrefu. Mke wa askari, mwanamke mnene ambaye ukarimu ulikuwa umempita mbali, aliingiza mkono kwenye kikapu akampa mtoto kipande cha muhogo. Tabu akakipokea kwa mikono miwili na kushukuru, kisha akamwendea aliyefuata, na aliyefuata, mpaka akamaliza mstari mzima.

"Kumbe ana ulimi huyu," alisema Kunegunda, jirani yake Zabibu. "Nilidhani umezaa bubu."

Zabibu akacheka naye. Alikuwa na haki ya kucheka, maana soni ya mtoto yule ilikuwa imemtesa. Wakati wa shibe mtoto mwenye soni ni mzaha tu wa majirani. Wakati wa njaa ni msiba. Mwaka ule vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha, na Wadachi walikuwa wamevimaliza kwa moto: mashamba yamechomwa, maghala yamechomwa, na aliyebaki hai anachimba mizizi porini. Chakula kilikuwa kwenye boma peke yake, na kilitoka kwa mikono ya wake wa askari, ambao walimpa waliyempenda. Mtoto mchangamfu aliweza kulisha nyumba nzima. Tabu alikuwa akiitwa, akinyooshewa chakula, naye anajifunika uso kwa kaniki mpaka mwenye kutoa anachoka na kumpa mwingine.

Na Zabibu hakuwa na pa kuegemea pengine. Alikuwa Myao wa Tunduru, aliyeletwa Songea na mumewe Chande, mchuuzi wa chumvi na nguo. Vita vilipoanza Chande alikamatwa abebe mizigo ya askari kuelekea Madaba, na katika wapagazi wale hakurudi hata mmoja. Zabibu alibaki ugenini na kibanda pembeni ya boma, na mtoto mmoja ambaye ndiye aliyekuwa ukoo wake wote. Usiku alimlaza kifuani, akahesabu mbavu zake kwa vidole, akamwomba Mungu amwachie huyo tu.

Sasa nisimulie lile la mboga, maana huko ndiko kulikokuwa na chanzo.

Siku chache kabla ya Tabu kufungua kinywa, mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na Zabibu akaona mlenda na mchicha umeota kwa wingi kwenye mteremko nyuma ya boma. Hakuna aliyeuchuma. Pale ndipo lilipokuwa shimo la wanaume walionyongwa vita vilipokwisha, wote wakatiwa pamoja, jumbe na mtu wa kawaida, na wake zao wakakatazwa hata kulia. Hapakuwekwa matanga. Hapakumwagwa pombe, hapakunyolewa nywele. Tangu siku ile watu walipapita mbali, wakitazama chini.

Zabibu alijua adabu ya mahali kama pale. Kwao Tunduru huchumi kitu kwa wafu bila unga: unashika unga kidogo mkononi, unauweka chini, unasalimia, unaomba, ndipo unachuma. Lakini unga ungetoka wapi? Alisimama pembeni akiwa amemshika Tabu mkono, tumbo likimnguruma, na wazo likamjia ambalo wakati ule lilikuwa na akili kabisa. Salamu haihitaji unga. Tena akaona kwamba hapa hapakuwa na mtu wa kumwonea soni. Basi mtoto na ajifunze hapa.

"Wasalimie wazee," alimwambia, akimsukuma taratibu mbele. "Piga magoti, upige makofi. Uwaombe mboga."

Tabu akapiga magoti kwenye majani mabichi, akasalimia kwa sauti safi ambayo mama yake hakuwahi kuisikia. Baadaye akabaki pale pale, kichwa amekiinamisha upande, kama mtoto anayeulizwa maswali na mkubwa. Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Ndiyo." Zabibu alisikia ile ndiyo, lakini alikuwa ameinama akichuma kwa mikono miwili, na njaa haimwachii mtu nafasi ya kuuliza.

Wakala mboga. Na baada ya mboga ukaja ule muhogo wa mke wa askari, na kesho yake mahindi ya kuchemsha, na keshokutwa unga wa mtama kwenye kipande cha kibuyu. Tabu hakuonekana tena nyuma ya nguo ya mtu. Aliingia kwenye kila kundi la watu kama mwenyeji, akauliza habari za wagonjwa, akacheka pale wakubwa wanapocheka. Zabibu alitembea nyuma yake akipokea, na mashavu yake mwenyewe yakaanza kurudi.

Kunegunda ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyamaza. Alikuwa Mngoni aliyebatizwa na mapadri, mumewe alikuwa mmoja wa wale wa shimoni. Asubuhi moja Tabu alimkuta anachota maji, akamsalimia kwa sauti ya chini, yenye kukwaruza kidogo.

"Umelalaje, mama mwenye nyumba? Mguu bado unakuuma kwa baridi?"

Mtungi ukamtoka Kunegunda mkononi. Alikaa chini kwenye matope akamtazama mtoto, na machozi yakamshuka bila sauti, kama alivyozoeshwa. Jioni alikuja kwa Zabibu na maharage aliyokuwa ameyaficha kwa ajili ya mbegu.

"Nani kamwambia habari za mguu wangu?" aliuliza kwa kunong'ona. "Hilo nililisema chumbani kwangu, kwa mtu mmoja tu."

"Watoto husikia mambo," Zabibu akajibu.

"Basi na asikie. Mlete tena kesho."

Wajane wengine wakapata habari, nao wakaja mmoja mmoja na vitu vyao vya mwisho, wakachuchumaa mbele ya Tabu, wakasubiri kusalimiwa. Mtoto hakumkosa hata mmoja. Waliondoka wakiwa wamefunika nyuso. Zabibu alijua kabisa kwamba jambo lile si la heri, na alilijua akiwa anatafuna, na aibu hiyo ilimkaa moyoni kama mwiba.

Lakini kilichomwondolea usingizi hakikuwa salamu zile. Ni vile mtoto alivyokuwa nyumbani.

Jua lilikuwa linazama, ugali uko tayari, na Zabibu akamwita Tabu aje ale. Tabu alikuwa kwenye kona, karibu na jiwe la kusagia. Alisimama upande, bega moja mbele, mkono mmoja ameuinua hadi usawa wa sikio, na vidole vimekunjwa kushika kitu. Zabibu alilijua umbo lile. Ndivyo mtoto alivyokuwa akisimama nyuma yake yeye, siku zote, akishika kaniki na kuchungulia wageni. Ila pale kwenye kona hapakuwa na mtu wa kujificha nyuma yake.

"Tabu, umeshika nini?"

Mtoto alirudi nyuma hatua moja, akaubana uso wake kwenye kile alichokishika, na Zabibu aliona, wala moto haukuwa hafifu kiasi cha kumdanganya, shavu la mwanawe likibonyea kama shavu linalobanwa kwenye paja la mtu mzima aliyevaa nguo nzito, huku jicho moja lililobaki nje likimtazama yeye, mama aliyemzaa, kwa woga ule ule ambao lilikuwa likiwatazama nao wake wa askari. Harufu ikatoka kwenye ile kona, harufu ya udongo mbichi uliofukuliwa na ya kamba mpya ya katani. Zabibu alijaribu kucheka. Alinyoosha mkono wenye tonge, akasema njoo, mwanangu, ni mimi, na mtoto akatikisa kichwa, akamtazama mtu mrefu asiyekuwepo kama anayeuliza ruhusa.

Tangu hapo ikawa kila jioni. Mchana kwenye watu Tabu ni wa kila mtu. Wakibaki wawili, anamwonea soni mama yake. Na ilifika jioni ambayo mtoto alipiga makofi yake mepesi pale kwenye kona, na makofi yakajibiwa, si na mtu mmoja bali na viganja vingi vikubwa vilivyokunjwa, vikipigwa polepole na kwa heshima kama wazee waliokaa uani wanavyopokea salamu, na sauti ya makofi hayo haikutoka nje wala juu ya paa bali chini, chini ya sakafu ya udongo, chini ya jiwe la kusagia, chini ya mkeka aliokalia Zabibu mwenyewe, hata akaihisi kwenye mifupa ya nyonga, na mtoto wake akacheka kicheko cha mtoto aliyependwa.

Kulipokucha alimbeba mgongoni akaenda naye Ruhuwiko kwa Fundi Iddi. Huyu alikuwa mzee wa pwani aliyeletwa na misafara, na kazi yake ilikuwa kutoa majini, hasa kwa wake wa askari, ambao majini yao hayakuwa na haya ya kudai vitu vizuri. Mzee akafukiza ubani, akasoma, akaandika kombe, aya za Kurani, kwenye sahani nyeupe akaliosha kwa maji. Tabu akalinywa lote, akafuta mdomo.

"Ahsante, mzee," akasema. "Umetoka mbali. Pole na safari."

Fundi Iddi akaweka sahani chini. Alimwambia mtoto akacheze nje, akasubiri mpaka ametoka.

"Jini ningelitoa, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini sana. "Jini lina jina lake na kiti chake, yule linayempanda. Linasema linataka nini, linapewa, linaondoka. Hawa hawataki kitu. Wamekwishapewa."

"Nani kawapa, babu?"

"Mboga ulizochuma kule, ulikwenda na nini mkononi?"

Zabibu hakuwa amemwambia habari ya mboga. "Sikuwa na kitu," akajibu.

"Mkononi nakuuliza."

"Nilimshika mtoto."

Mzee akavuta pumzi. "Mtu anaweka kilicho mkononi, ndipo anasalimia. Wewe ulimtanguliza huyu, ukamwambia apige magoti. Wao wangejuaje kama si sadaka?"

"Watamla?"

"Wangetaka kumla wangekuwa wamekwishamla. Wamemkaribisha tu. Fikiri, watu hawakuliliwa, hawakumwagiwa hata maji, wanapitwa kama jalala. Anatokea mtoto anawasalimia kwa heshima. Ungekuwa wewe ungemwachia?"

Zabibu alilia pale pale kwenye mkeka wa mzee. Alipomaliza, Fundi Iddi akamwambia la kufanya. Apeleke unga, ule aliopaswa kuupeleka mwanzo. Lakini si ule uliokuwa kwenye chungu chake, maana huo ulipatikana kwa mdomo wa mtoto na kwa hiyo ulikuwa tayari wa kwao. Autafute kwa jasho lake, mtoto akiwa mbali, na asilambe hata chembe yake.

Basi akamwacha Tabu kwa Kunegunda, akaenda kubeba miti ya kujengea bomani pamoja na wanaume. Mabega yalimchubuka hadi nguo ikagandana na nyama. Kile cha kwenye chungu hakukigusa tena, kwa hofu, na wakati wa jioni aliupokea unga wake wa ujira kwenye kitambaa, akaufunga fundo, akalala ameugeuzia mgongo ili asiunuse.

Walikwenda shimoni mchana kweupe, yeye na fundi na mtoto. Zabibu akapiga magoti peke yake safari hii, akaumwaga unga wote juu ya majani.

"Wazee wangu," alisema, "salamu yenu ni hii. Ile nilikosea. Mimi ni mgeni, nilikuwa na njaa. Mtoto si wenu, ni wangu, sina mwingine. Nawaombeni."

Upepo haukuwepo, na unga ukapungua hivi hivi mbele ya macho yake, ukanywea ardhini kama maji, mpaka pakabaki pakavu. Nyuma yake Tabu akapiga yowe. Akaja mbio akajitupa kwenye kaniki ya mama yake, akaishika kwa mikono miwili, na Fundi Iddi alipoinama kumsalimia, akafunika uso wote.

Mzee akatabasamu. "Huyo ndiye wako. Nenda naye. Ila hapa usirudi tena mikono mitupu, maana mara ya pili hawatabadilishana."

Ningependa kuishia hapa. Zabibu alitembea kurudi nyumbani akivutwa nguo na mtoto mwenye soni, na katika maisha yake yote hakupata kuwa na furaha kama ile. Usiku Tabu alilala kifuani pake, akamshika sikio, akamwita mama. Hapakuwa na harufu wala makofi. Kama kuna saa ambayo mtu angeomba isimame, ni ile.

Lakini asubuhi ilikuja, na asubuhi ilikuwa na njaa yake. Mke wa askari alimwita Tabu kwa muhogo mkononi, na Tabu akajificha. Akamwita tena. Mara ya tatu akaona anadharauliwa, akampa mtoto wa mwingine. Wajane walikuja mlangoni, wakachuchumaa, wakasubiri, na mtoto akalia kwa kuogopa nyuso zao.

"Umemfanya nini?" Kunegunda aliuliza.

"Nimemrudisha, dada. Alikuwa amepotea."

"Umemrudisha wa kwako," alisema Kunegunda taratibu. "Wetu umewafunga mdomo tena." Akaondoka, na hakukanyaga tena kibandani pale, wala maharage yake, wala wengine.

Mahindi ya kutwanga yakaisha bomani, askari wenyewe wakapunguziwa. Kazi ya miti ikaisha. Mabega ya Zabibu yalioza, hakuweza kushika jembe la kuchimbia mizizi, akawa anachimba kwa kijiti. Kila alichopata kutia kinywani alimtafunia mtoto. Fundi Iddi alikufa wiki zile, kwa njaa kama watu wengine, ubani hauliwi. Njiani kwenda Tunduru ilisemekana watu wamelala kando ya njia kwa safu, waliotaka kurudi kwao. Nywele za Tabu zikageuka nyekundu, miguu ikavimba ikang'aa, na ngozi ikawa ukiibonyeza inabaki na shimo. Kuna mwanamke mmoja, Mungu amlipe, aliyemnyooshea uji kwenye kata, karibu kabisa na midomo. Tabu akauficha uso kwenye kaniki. Alikuwa anakufa, na bado anaona soni.

"Pokea, mwanangu," Zabibu alimbembeleza. "Pokea kidogo tu. Ni mtu mwema."

Mtoto akatikisa kichwa. Mwanamke akasubiri, kisha akanywa mwenyewe, na nani angemlaumu?

Usiku ule Zabibu hakulala. Alimsikiliza mtoto akipumua, pumzi fupi, halafu kimya, halafu pumzi, na katika kila kimya alikuwa anazikwa na kufufuka. Aliwaza kwamba ana njia mbili za kumpoteza, na katika moja ya hizo mtoto atakuwa anakula.

Alfajiri alimbeba. Tabu alipoujua mteremko, akaanza kulia bila machozi, akajaribu kushikilia kila kitu, nywele za mama, shingo, pindo la kaniki, na Zabibu alivifungua vidole vile kimoja kimoja, vidole vyepesi visivyo na nguvu hata ya kumkwaruza, na kila alichokifungua kilirudi kushika huku anafungua kingine, na alikuwa akimwimbia wakati huo huo, wimbo wa kumlaza ule ule wa siku zote, mpaka mikono yote miwili ya mtoto ikawa mitupu na yake pia mitupu, akamweka chini kwenye majani yenye umande.

"Wasalimie wazee," alisema.

Mtoto alimtazama. Alipiga magoti kwa sababu alikuwa mtoto msikivu, akapiga makofi mepesi. Na chini ya ardhi wakajibu wote.

Zabibu hakukumbuka alivyofika bomani. Alikaa kwenye ua wa miti, macho yameingia giza, akisikia kwa mbali wanawake wakicheka, na kati ya kicheko sauti ya mtoto ikiuliza habari za nyumbani, habari za mgonjwa, habari za shamba. Akamsikia Kunegunda akilia kwa furaha. Kata ziligongana. Baada ya muda kukaja hatua ndogo kwenye vumbi, zikasimama mbele yake.

Tabu alikuwa na uji mdomoni na muhogo mkononi. Hakujificha. Alimtazama Zabibu usoni, wazi kabisa, kwa macho ya upole, kama alivyomtazama kila mtu kwenye mstari ule. Akapiga magoti, akapiga makofi.

"Shikamoo, mama," alisema. "Unaonekana una njaa. Wewe ni mama wa nani?"

Mtoto akangoja kwa adabu, kisha akakata kipande kikubwa cha muhogo akamnyooshea. Zabibu akakipokea kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopokea, akala.